Harusi ya Nje Dodoma Wakati wa Kiangazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mvua zikishakatika, simu za kuulizia viwanja vya harusi Dodoma huanza. Wanaopiga ni wakazi wa hapa, na pia vijana walioko Dar es Salaam au Mwanza wanaotaka kuoana nyumbani kwa wazee wao. Haya ni maswali yanayojirudia, na majibu ni yaleyale ninayowapa wanakamati tunapokaa vikao. Upepo umepewa nafasi kubwa kwa makusudi. Harusi za nje hapa huharibiwa na upepo kuliko kitu kingine chochote, na bado kamati nyingi huukumbuka siku yenyewe, mapambo yakiwa yameshaning'inizwa.

Mwezi gani unafaa zaidi?

Dodoma hupata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Anayetoka Pwani huogopa Oktoba kwa sababu kwao vuli huanza wakati huo. Hapa Oktoba bado ni kiangazi kikavu. Una miezi takriban sita ya kupanga harusi bila kutazama mawingu.

Miezi hiyo haifanani, lakini. Mei nyasi bado zina ukijani, vumbi halijainuka, hewa ni poa na upepo una adabu. Juni na Julai usiku ni baridi, joto hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, na mtu aliyekuja na gauni la mikono mifupi ataondoka kabla keki haijakatwa. Kuanzia Julai upepo hupata nguvu, na Agosti na Septemba ndipo unapovuma hasa. Oktoba joto la mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, ardhi imekauka hadi imepasuka, ila jioni zake ni tamu kwa kukaa nje.

Mimi nikiulizwa, nasema nusu ya pili ya Mei. Kikwazo chake ni vyumba. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na nyumba za wageni zinajaa wabunge, maofisa wa wizara na watu wenye shughuli zao bungeni. Ukichagua Mei, vyumba viwekewe oda kabla hata ya kuchapa kadi.

Kwa nini mnasisitiza upepo kiasi hicho? Si turubai zipo?

Turubai lenyewe ndilo linaloanza kuruka.

Upepo wa kiangazi hapa hutoka mashariki na kusini-mashariki, na huvuma kwa mfululizo, saa baada ya saa. Uzuri wake ni kwamba unatabirika. Wiki moja au mbili kabla ya sherehe, nenda kiwanjani saa ileile mtakayokuwa na wageni, funga kipande cha kanga kwenye mti mrefu usimamishe katikati, ukae nusu saa ukiangalia. Utajua unatoka wapi, unapungukia wapi, na jengo au mti gani unaukata. Mpangilio wote wa kiwanja unaanzia hapo.

Meza kuu ikae upande wa mashariki au kusini-mashariki, na nyuma yake pawe na ukuta, jengo au safu ya miti. Hapo wageni wanatazama mbele bila kupigwa vumbi la macho, na spika zikiwa upande huohuo upepo unawapelekea sauti badala ya kuwanyang'anya. Jua la Juni na Julai huzama kwa kuelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo maharusi litawafika usoni jioni. Weka turubai la pembeni au uchague kiwanja chenye mti upande huo. Jiko, jenereta, vyoo na maegesho ya magari vyote viende magharibi, kule upepo unakokwenda. Nimeona wageni wakila pilau katikati ya moshi wa kuni kwa sababu tu jiko liliwekwa karibu na geti ili wapishi wasibebe vyombo mbali.

Kama hakuna ukuta, jengeni uzio. Uzio wenye matundu hupunguza upepo vizuri kuliko turubai zito linaloukinga wote, maana upepo uliozuiwa kabisa hupanda juu na kuangukia nyuma ya kizuizi kwa nguvu. Kuanzia Juni mabua ya mtama na uwele yanapatikana kila kijiji baada ya mavuno, na uzio wa mabua uliofungwa vizuri kwenye fito unapendeza machoni kuliko vitambaa vingi vya kukodi. Uwe tu mbali na moto.

Sasa turubai. Ardhi ya Dodoma kiangazi ni ngumu kama sakafu na mambo, yaani vigingi vya turubai, hazizami. Fundi huzipigilia sentimita kumi na kuziacha. Mwagia maji sehemu za mambo jioni ya siku iliyotangulia ili ziingie hadi mwisho. Pale pasipowezekana kabisa, dai mapipa yaliyojaa maji. Pipa la lita 200 ni kilo 200 na linashika mguu wa turubai. Dumu la lita 20 ni la kushikia kitambaa cha meza. Upande unaotoka upepo ufungwe, upande unaokwenda uachwe wazi. Ukifanya kinyume, turubai hujaa hewa na kunyanyuka. Na mkataba wa maturubai uandike kwamba fundi mmoja atabaki kiwanjani hadi mgeni wa mwisho aondoke. Upepo ukianza kunyanyua nguzo, watu watolewe chini yake kwanza, mambo mengine yafuate.

Pambo la nyuma ya meza kuu ni tanga la jahazi likiwa kitambaa kizima. Mwambie mpambaji atumie fremu yenye nafasi, matawi, fito na maua yaliyofungwa kwa waya. Maputo na vitambaa vyepesi vya juu vya kuning'inia viachwe kwa harusi za ukumbini.

Halafu kuna chamchela. Hizi huzuka mchana wa jua kali, hasa kati ya saa sita na saa tisa, zikazunguka na kubeba kila kilicho chepesi. Ndiyo maana meza zisitandikwe asubuhi. Mpambaji afunge vilivyo vizito mapema, na vitambaa, sahani na maua ya mezani vitoke kuanzia saa tisa na nusu.

Vumbi tunalizuiaje?

Kosa kubwa hufanywa wiki moja kabla: kamati huleta vijana na majembe, au hata greda, kiwanja kikakwanguliwa hadi kikawa chekundu kitupu. Kinaonekana kisafi. Siku ya harusi viatu vya watu mia tatu vinakigeuza unga. Nyasi zikatwe fupi na mizizi iachwe, hata zikiwa kavu za rangi ya njano; mizizi ndiyo inayoshika udongo.

Boza la maji lije mara mbili, jioni ya kuamkia siku ya harusi na tena saa sita au saba mchana wa siku yenyewe. Limwage kidogo kwa kunyunyiza, lisitengeneze tope. Maji ya mji huu hutegemea zaidi visima vya Mzakwe, na Septemba na Oktoba mahitaji ni makubwa, hivyo boza liwekewe oda mapema na liwe na namba ya dereva, si ya dalali. Njia ya maharusi itandikwe zulia lililopigiliwa misumari pembeni. Mikeka hurukaruka.

Kadi iandike saa ngapi?

Jua Dodoma huzama karibu saa kumi na mbili na nusu kiangazi chote, likipishana kwa dakika chache tu, na giza huingia upesi. Mwanga mzuri wa picha ni kuanzia saa kumi na moja hadi linapozama. Kabla ya hapo nyuso zinapata vivuli vikali vya macho, baada ya hapo ni taa.

Desturi yetu ya kuanza sherehe saa moja usiku ilitokana na kumbi. Ukiihamishia nje unakuwa umelipia mandhari ambayo hakuna atakayeyaona, na umewaweka wageni katika saa za baridi. Napendekeza ibada isizidi saa nane mchana, wageni wakaribishwe kiwanjani saa kumi, maharusi waingie saa kumi na moja kasorobo, chakula kiliwe saa kumi na mbili, na saa nne usiku kila mtu awe njiani. Wajumbe watasema watu wetu hawaji mapema. Wanakuja wakiambiwa sababu. Iandikeni kwenye kadi wazi: "Maharusi wataingia kabla ya jua kuzama." Na MC aanze kwa saa aliyopewa hata viti vikiwa nusu, kwa sababu waliowahi ndio waliotuheshimu.

Ndoa yenyewe inaweza kufungwa nje?

Inategemea dini yenu. Kwa Waislamu nikaha inaweza kufungwa msikitini au nyumbani, na ua wa nyumbani ni mahali pake pa siku zote. Kwa Wakatoliki ndoa hufungwa kanisani, na ruhusa ya mahali pengine hutolewa na askofu, kwa hiyo msiahidiane bustani kabla ya kuongea na paroko. Madhehebu mengine yana taratibu zao. Mwendeeni mchungaji mapema. Wengi hapa hufunga kanisani na kuhamia nje kwa sherehe, na huo ni mpango mzuri.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na mashahidi wasiopungua wawili wawepo. Wanaotaka ndoa ya kiserikali mahali pengine nje ya ofisi wamuulize msajili kabla ya kulipia kiwanja.

Vibali gani vinahitajika?

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye atawaelekeza hatua zinazofuata jijini na polisi kulingana na ukubwa wa shughuli. Muziki ndio unaoleta malalamiko. Kuna kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2015, na viwango vya usiku katika makazi ni vya chini kuliko vya mchana. Mkimaliza saa nne kama nilivyoshauri, tatizo hili haliwafikii. Majirani wa upande wa magharibi waarifiwe kwa kugongewa mlango, maana sauti itawaendea wao.

Na droni ya kupiga picha?

Kibali kwanza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) wakiwemo. Huu ni mji wa Bunge na Ikulu. Mpiga picha asiye na karatasi asirushe.

Tunataka kukaa chini ya mbuyu. Inawezekana?

Kupiga picha, ndiyo, na hakuna picha ya harusi inayoitambulisha Dodoma kuliko hiyo. Kukaa, hapana. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo hauna kivuli wakati unapokihitaji, na mabuyu makavu hudondoka upepo ukitikisa. Tena mibuyu mingi ina mapango yenye nyuki. Katikati ya nchi ni eneo la nyuki, Singida na Manyoni wanajulikana kwa asali, na moshi wa jiko au mtetemo wa spika unatosha kuwatoa. Kabla ya kukubali mti wowote, nenda saa nne asubuhi jua likiwa limepata nguvu, simama ukiangalia juu kwa dakika kumi. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka, hamieni kwingine. Msiwachome, tafuteni kiwanja kingine.

Miti ya kukaa chini yake ni mwembe, mkwaju na mwarobaini.

Vipi shamba la zabibu?

Ni wazo zuri linalohitaji kalenda. Zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu mmoja unaangukia Agosti na Septemba. Kabla ya mavuno shamba limejaa majani na vichala. Mavuno yakipita, mizabibu hukatwa matawi na shamba hubaki vijiti na waya. Muulize mkulima, awe wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, anatarajia kuvuna tarehe ngapi na atapogoa lini, na uende mwenyewe ukaone. Muulize pia lini alipiga dawa mara ya mwisho. Watoto watachuma na kula hata mkiwakataza. Njia kati ya mistari ni finyu, hivyo meza zikae pembeni ya shamba. Upande wa vinywaji, mvinyo wa Dodoma unafaa kwa wanaokunywa, na vichala vya zabibu mbichi katikati ya meza ni pambo na ni chakula, kwa familia za imani zote.

Chakula cha nje kina tofauti gani na cha ukumbini?

Kinapoa haraka na kinaingia mchanga. Kila chombo kiwe na mfuniko, na mistari ya kupakulia iwe mingi na mifupi. Kwa wageni mia tatu, mistari minne ni afadhali kuliko miwili mirefu ambayo wa mwisho wanafikia wali uliopoa. Achana na vyakula vya rojo jepesi na saladi zilizokatwa mapema. Ndafu, nyama choma, kuku, pilau na ndizi vinavumilia. Na tafadhali, pawepo na mlenda na ugali wa uwele au mtama kwenye meza moja. Wazee wa Kigogo watafurahi, na wageni wa Dar watarudi kuongeza.

Hewa ya hapa ni kavu, watu huishiwa maji bila kujua. Maji ya kunywa yatangulie soda, yawepo tangu saa kumi.

Moto uangaliwe. Nyasi kavu na upepo ni hatari ya kweli: jiko lizungukwe na eneo lililofyekwa na kumwagiwa maji, mtungi wa kuzimia moto uwepo na mtu anayejua kuutumia, na namba 114 ya Zimamoto iwe kwa mwenyekiti na kwa MC. Fataki zisiwepo kabisa.

Ngoma za Kigogo au dijei?

Vyote viwili, ila ngoma ipewe saa ya heshima, wakati maharusi wanaingia na jua bado lipo. Kamati nyingi huwaita wana ngoma wacheze wakati watu wanakula, na hilo si haki kwao. Muheme unaopigwa na kina mama hauhitaji umeme kabisa. Unasikika kiwanja kizima. Zeze na ilimba, vyombo ambavyo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alivifikisha majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, vina sauti ndogo na vinahitaji maikrofoni, na maikrofoni yoyote ya nje ivalishwe sponji. Bila sponji spika zinatoa mngurumo wa upepo mtupu, na nasaha za mama wa bibi harusi zinapotea.

Wageni wa Dar wafikeje?

Treni ya SGR imefika Dodoma tangu Julai 2024, na safari huchukua takriban saa tatu na nusu hadi nne. Kwa basi ni kilomita kama 450 na siku karibu nzima. Tiketi za wikiendi huisha, kwa hiyo tarehe itangazwe mapema. Wikiendi zilizo karibu na Sabasaba, Nanenane na tarehe 14 Oktoba huwapa watu nafasi ya kusafiri, lakini Nanenane viwanja vya Nzuguni huwa na maonyesho na upande ule wa mji hujaa. Kama kiwanja chenu kiko Msalato, kumbukeni Jumamosi kuna mnada.

Tuwaambie wageni wavae nini?

Viatu vya kisigino kipana, na nguo ya kujifunika usiku. Bibi harusi shela lake lifungwe chini au liwe fupi. Sare za kamati ziwe za kitenge au kitambaa kizito, na rangi nyeupe kabisa waachiwe maharusi.

Bajeti ya nje ni nafuu kuliko ukumbi?

Mara nyingi si nafuu, na anayewaambia vinginevyo hajahesabu. Ukumbi una taa, vyoo, viti, ukuta na jiko. Nje mnakodi kila kimoja: maturubai, jenereta na la akiba, boza, vyoo vya kuhamishika (mimi hukadiria kimoja kwa watu hamsini), walinzi, taa za njiani hadi maegesho. Chagueni nje kwa sababu mnapapenda, na mpunguze idadi ya wageni ili fedha itoshe. Vitu vya usalama, yaani turubai, umeme na maji, vilipiwe kwa michango iliyokwisha kuingia. Ahadi zilipie mapambo. Ahadi zisipokuja, harusi itakuwa na maua machache, lakini itasimama.

Wazee hawataki harusi ya nje. Tufanyeje?

Wasikilizeni kwanza, kwa kuwa wanachokataa huwa kina sababu. Bibi wa miaka themanini anajua atakalishwa kwenye kiti cha plastiki kinachozama, choo kiko mbali gizani, na ataumwa kifua wiki nzima. Mkienda kumshawishi kwa kumwonyesha picha za mapambo, hamjajibu swali lake.

Nendeni na mpango wao. Wazee wakae mstari wa mbele karibu kabisa na ukuta unaokata upepo, viti vya mbao vyenye mikono viletwe kutoka nyumbani, chini pawe na zulia. Kila mmoja akute shuka au blanketi kitini pake. Choo kimoja kiwe karibu nao, chenye taa, na mjukuu amepangiwa kazi ya kuwasindikiza. Wapakuliwe mezani kabla ya watu wote, na zawadi za wazazi na nasaha ziwekwe kabla ya saa mbili usiku wasije wakazikosa. Saa tatu gari liwe tayari mlangoni kwa atakayetaka kulala. Mwambieni shangazi, au mjomba mwenye sauti katika ukoo, apeleke mpango huo badala yenu, na awape wazee nafasi ya kubadilisha wanachotaka kubadilisha.